Uliza Ujibiwe: Mkutano wa kijiji ni wa wazawa tu?

SWALI: Shikamoo dada. Mi nina mashine ya kusaga hapa senta kwetu, huku kanda ya kati, nimehamia na familia mwaka wa tatu sasa. Juzi wamepita kuchangisha hela ya kumalizia zahanati, nikauliza ile ya mwaka jana imefanya nini, nikajibiwa mi mgeni, maswali niwaachie wazawa. Halafu kuna tetesi eneo la mnada anapewa mtu wa mjini, na mkutano wenyewe hatujaitwa tangu mavuno ya alizeti ya mwaka jana. Nina haki ya kusimama nikauliza au nitajichoresha tu?
Mwenye Mashine

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Yaani hela yako ni mzawa ila mdomo wako ndo mgeni, hiyo kali. Sheria ya Serikali za Mitaa Na. 7 ya 1982 inasema mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea, mkazi ni anayeishi hapo, haijauliza kitovu chako kimezikwa wapi. Na unatakiwa kuitishwa angalau kila miezi mitatu.

Ila usichanganye na kikao cha halmashauri ya kijiji, wale wajumbe 15 hadi 25 wanaokaa kila mwezi. Ujanja mwingi unafanyika hapohapo, wanakaa wao wachache wanapitisha jambo, kesho mnasikia "wananchi wameridhia" na nyie mlikuwa shamba. Kwenye ardhi ndo kabisa hawaruhusiwi, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inataka mkutano mkuu uridhie kwanza ndo halmashauri ya kijiji igawe, kwaiyo hizo tetesi za mnada zifuatilie mapema kabla mtu hajamwaga mchanga.

Sasa usisubiri "mengineyo", ile ajenda ya mwisho ya mkutano, saa 11 jioni watu washaanza kufuata mbuzi wao. Nenda mapema kwa mwenyekiti wa kitongoji chako, muwe hata wanne watano na kina mama wawemo, mseme mnataka taarifa ya mapato na matumizi iwe ajenda. Siku yenyewe jiandikishe kwenye mahudhurio, ukisimama uliza kitu kimoja tu: zilikusanywa shilingi ngapi, zimenunua nini, risiti ziko wapi. Usimwite mtu mwizi bana, ukishasema hivyo tu mkutano unageuka kesi yako na zahanati inasahaulika. Halafu omba mtendaji asome alichoandika kwenye muhtasari, maana maswali mengine huwa yanapotelea kwenye kalamu.

Wasipoitisha kabisa, andika barua kwa mtendaji wa kijiji, nakala kwa mtendaji wa kata na mkurugenzi wa halmashauri ya wilaya. Ya kwako igongwe muhuri wa kupokelewa, uiweke nyumbani, sio pale mashineni ijae pumba.