Vikoa vitano, seva moja ya barua pepe

Nilipokubali kuhudumia barua pepe za vikoa vitano (majina yanayofuata alama ya @ katika anwani) kwenye seva moja, yaani cha ofisi yetu, cha shule, cha duka la vipuri, cha famasi na cha kikundi cha kuweka na kukopa, nilidhani kazi kubwa ingekuwa kuzuia barua za huyu zisiingie kwa yule. Hilo lilikwisha kwa mchana mmoja. Kilichonikosesha usingizi ni kwamba vikoa vyote vitano vinatumia anwani moja ya IP (namba inayoitambulisha seva mtandaoni), na anwani hiyo ikichafuka, yaani ikijulikana kwa kutuma taka, huchafuka kwa wote.

Kwa anayetumia Postfix (programu ya seva ya barua), kama mimi, kikoa cha mteja kiandikwe kwenye virtual_mailbox_domains, orodha ya vikoa vyenye makasha kwenye seva, na kisirudiwe kwenye mydestination, orodha ya majina ya mashine yenyewe, la sivyo barua zitatafutiwa watumiaji wa mashine yenyewe na kukataliwa kwamba mpokeaji hajulikani. Kila mtu aingie kwa anwani yake kamili, kwa sababu kila kikoa kina “info” yake.

Wengi huhangaika kuipa seva majina matano. Jina moja linatosha: rekodi za MX za vikoa vyote (zinazosema barua zipelekwe seva ipi) zielekezwe huko, rekodi ya PTR ya anwani ya IP (inayotaja jina la anwani hiyo) irudishe jina hilohilo, na seva ijitambulishe kwa jina hilo inapopeleka barua. Wateja nao waliandike kwenye simu zao, nawe utahitaji cheti kimoja tu cha TLS, yaani cha kusimba mawasiliano.

Utambulisho wa barua, kinyume chake, hauna ushirika. Kila kikoa kinahitaji SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma barua zake), DKIM (sahihi ya kidijitali ya barua) na DMARC (kanuni inayotaka angalau moja ya hizo mbili ithibitishe kikoa cha mwandishi) zake, na hapa ndipo nilipokosea: nilitia barua zote sahihi ya DKIM ya kikoa cha ofisi yetu, nikaona zinafika, nikaridhika. Baadaye ankara za duka la vipuri zikaanza kupotelea kwa mteja ambaye sanduku lake lilikuwa likizipitisha kwenda kwenye anwani nyingine. Kupitishwa huko kulivunja SPF, na kwa kuwa sahihi ilikuwa ya kikoa kisicho cha mwandishi, DMARC haikubakiwa na cha kushikilia. Tengeneza ufunguo wa DKIM wa biti 2048 kwa kila kikoa, na ukumbuke kwamba kipande kimoja cha maandishi katika rekodi ya TXT, ambako ufunguo hutangazwa, hakizidi herufi 255, hivyo ufunguo huo lazima ugawanywe.

Nirudi kwenye IP. Usiku mmoja nywila ya karani wa shule ilikisiwa, na kulipokucha maelfu ya barua taka yalikuwa yametoka, huku famasi, isiyohusika kabisa, ikirudishiwa oda zake. Tangu hapo nimemwekea kila mtumiaji kikomo cha barua 100 kwa saa kupitia Rspamd (programu ya kuchuja taka), na seva inakataa mtu kutuma barua akijitambulisha kwa anwani isiyo yake. Vilevile sikubali mteja apitishe barua zake zote kwenda Gmail, maana taka anazopokea huonekana zimetoka kwangu. Anayetaka kutuma matangazo kwa wingi namtafutia njia nyingine. Tangu Februari 2024 Google inawataka wanaotuma barua kwa wingi wasifikishe malalamiko ya asilimia 0.3, na kwa vikoa vidogo kama vyetu watu wachache tu wakibonyeza kitufe cha taka hesabu imeharibika.

Jambo la mwisho ni dogo, lakini liliniaibisha. Shule ilipohamia kwa mtoa huduma mwingine, nilisahau kuondoa kikoa chake kwenye orodha ya virtual_mailbox_domains, hivyo seva yangu iliendelea kudhani kiko kwake. Dunia nzima ilifuata MX mpya isipokuwa watumiaji wa vikoa vinne vilivyobaki, ambao barua zao kwa shule ziliendelea kuingia kwenye makasha ya zamani ndani ya seva yangu kwa wiki mbili, bila hata moja kurudishwa.