Sikio moja latosha?

SWALI: Assalaam aleikum shangazi. Mwanangu ana miaka 7, mwaka jana alishikwa na matumbwitumbwi akapona vizuri tu, kumbe sikio la kushoto limekufa, tumejua juzi alipoweka simu upande huo akasema haina sauti. Daktari kasema la kulia ni zima. Watu wanambia niache, moja latosha, lakini chuoni, hapo madrasa, mwalimu alalamika haitiki akiitwa, na huku mitaani wakipiga kelele punda! punda! yeye ageukia siko. Nifanyeje? Mama wa Langoni, Lamu

JIBU: Waaleikum salaam mamangu. Hao wasemao latosha waambie wazibe lao moja wapite sokoni saa tatu asubuhi, ndo watajua. Ubongo hujua sauti yatoka wapi kwa kulinganisha masikio mawili, sa yeye analinganisha na nini? Na penye kelele ndo kabisa, maneno yanazama. Marekani, 1984, watafiti Bess na Tharpe walikuta karibu thuluthi ya watoto kama hawa wamewahi kurudia darasa, na si kwamba ni wajinga.

Anza na la bure. Akae mbele, upande wa kushoto wa darasa, ili lile la kulia liwaelekee mwalimu na wenzake, mbali na mlango. Mweleze na mwalimu wa chuo, manake mtoto anachapwa kwa kiburi asichokuwa nacho.

Mashine ya kawaida ya kukuza sauti haisaidii sikio lililokufa kabisa, usiuziwe. Iko ya kunasa sauti upande mbovu na kuirusha kwenye zima, iko na ya mkanda wa kichwa inayotikisa mfupa, lakini zote bado ni sikio moja, na kelele ikiwa upande ule nayo inaletwa pia. Darasani mimi napenda zaidi maikrofoni anayovaa mwalimu, sauti yake inaingia moja kwa moja kwenye kipokezi kidogo cha mtoto.

Kinachorudisha sikio la pili ni kifaa cha kupandikizwa ndani ya sikio kwa opresheni (cochlear implant), Marekani walikiruhusu 2019 kwa watoto wa aina hii kuanzia miaka 5. Bei yake si mchezo, lazima picha ya MRI ya kichwa ionyeshe mshipa wa kusikia uko sawa, kisha miezi ya mazoezi. Ukiwaza hilo uliza mapema, ubongo husahau sikio lisilotumika.

Hilo zima usilitie mafuta wala vijiti vya pamba, likitoa usaha ni hospitali siku hiyohiyo.

Na punda, mfunze akisikia kelele asitafute yatoka wapi, agande ukutani kwanza, ndo aangalie huku na huku.