Riddim Moja, Waimbaji Kibao: Usiipige Kama Albamu ya Kawaida

"Mwanangu, hiyo sidii imekwama?"

Mzee mmoja aliniuliza hivyo kwenye baa ya Magomeni, enzi naanza kupiga muziki. Nilikuwa nimepata albamu ya reggae ya riddim moja, yaani mdundo mmoja ulioimbiwa na waimbaji tofauti, nikaiachia kuanzia wimbo wa kwanza, nikaenda zangu kula chipsi. Kufika wimbo wa nne besi ni ile ile, kinanda kile kile, na waliokuwa wanacheza wamesharudi vitini. Mzee wa watu alikuwa na haki ya kuuliza.

Jamaika mdundo ukisharekodiwa, prodyuza huuwekea sauti za waimbaji wengi awezavyo. Gharama ya wapiga vyombo hailipwi upya. Mwaka 1974 prodyuza Rupie Edwards alitoa albamu nzima, Yamaha Skank, juu ya mdundo wa My Conversation, wimbo wa The Uniques wa 1968. Ukiisikiliza kwa mkupuo, utachoka tu.

Ukiwa nyumbani, anza na ule mdundo mtupu, usio na sauti ya mwimbaji. Wajamaika huiita version, na mara nyingi imewekwa mwisho kabisa. Irudie mpaka uiimbe besi kwa mdomo ukiwa bafuni. Kwenye roots, ile reggae ya asili, ngoma kubwa mara nyingi huliacha pigo la kwanza kati ya manne wazi, ikatua la tatu. Ile nafasi tupu ndiyo ya kuvizia: mwimbaji huyu anaiwahi, yule anachelewa makusudi, mwingine anaiacha ipite kimya.

Halafu chukua nyimbo mbili zinazopingana. Mimi huwapa watu riddim ya Drop Leaf ya prodyuza Don Corleon, ya 2005. Jah Cure anaimba Longing For, hamu tupu ya mapenzi, na kipindi hicho alikuwa gerezani. Kundi la T.O.K. wanaimba Footprints, wakilia wapendwa wao waliouawa. Mdundo ni mmoja. Kwa Cure lile gitaa linabembeleza. Ukihamia kwa T.O.K. uko msibani, na hakuna aliyegusa waya hata mmoja. Mara ya kwanza nilirudi nyuma nikidhani nimekosea faili.

Kama unapiga mbele za watu, chagua nyimbo tatu, zikizidi sana nne. Ubeti na kiitikio, kisha kata uingie kwa mwingine. Kasi ni moja, hakuna cha kuhangaikia. Usipange kwa ukubwa wa majina. Sauti nyororo ifuatwe na yenye mikwaruzo, ndipo watu wanageuza shingo. Zilizobaki ziache bila aibu, maana karibu kila albamu ya aina hii ina nyimbo za kujazia.

Ile version sijaitupa. Naiweka saa ya kufunga, wahudumu wanakusanya chupa na watu wanabishana bili. Mzee wangu wa Magomeni aliisikia usiku mmoja, akaanza kuimba juu yake kwa Kizaramo.