Antena ya kitanzi kwenye fleti: anza na ukinzani, wati baadaye

Kama una leseni ya redio ya ridhaa, yaani ya kurusha mawimbi kwa kujifunza na kujiburudisha bila biashara, na unaishi fleti, usikae ukisubiri siku utakayopata kiwanja ndipo uingie hewani. Ni kweli kwamba antena ya waya ya nusu wimbi kwa bendi ya mita 20 inataka karibu mita 10 za nafasi ya wazi, na ya mita 40 inataka mara mbili yake. Kwenye maghorofa ya Upanga au Kariakoo nafasi hiyo huipati, na paa limejaa matenki ya maji na madishi ya majirani. Lakini kitanzi cha shaba chenye kipenyo cha mita moja kinakaa balkoni na bado nguo zinaanikwa. Mimi natumia hicho hapa Dar es Salaam, kwa wati 10 au pungufu, na anga likikubali kinanifikisha Oman, Afrika Kusini na kusini mwa Ulaya.

Kitu kinachoamua kama kitanzi chako kitafanya kazi ni ukinzani, yaani kile kinachoupinga mkondo wa umeme. Naomba uvumilie hesabu kidogo, maana bila hizo utapoteza fedha. Kitanzi cha kipenyo cha mita moja kina mzunguko wa mita 3.14. Kwenye megahezi 14.2, ambako wimbi lina urefu wa mita 21, ukinzani wake wa mnururisho, yaani ule unaohesabu nguvu inayoondoka kama mawimbi, ni takriban omu 0.1 tu. Bomba lenyewe la shaba la milimita 19 linakula karibu omu 0.05 kwa masafa hayo, kwa kuwa mkondo wa masafa ya juu hupita kwenye ngozi ya nje ya metali peke yake. Kwa hiyo karibu theluthi mbili ya nguvu yako inatoka hewani, na hayo ni matokeo mazuri sana kwa antena ndogo kiasi hicho. Sasa weka kiungo kimoja cha skrubu kilichoanza kuota kutu ya kijani, chenye omu 0.1. Multimita ya kawaida haikioni kabisa, lakini ufanisi umeshuka chini ya asilimia 40.

Ndiyo maana mtu wa kwanza wa kumwendea ni fundi friji. Bomba la shaba la AC la robo tatu inchi linauzwa likiwa limeviringishwa tayari, kwa hiyo kulipa umbo la duara si kazi. Fundi huyo huyo ana mtungi wa gesi na fimbo za kuchomelea zenye fedha, na anajua kuunganisha shaba na shaba isivuje. Mwambie achomelee vipande vya shaba kwenye ncha mbili za bomba, na kapasita, kile kifaa cha sahani kinacholinganisha kitanzi na masafa unayotumia, ishikwe hapo hapo kwa kuchomelewa. Ukikubali bolti mahali popote kwenye njia ya mkondo mkubwa, umekubali hasara. Wapo wanaotengeneza kitanzi kwa kebo nene ya koaksi, ya aina ile ya antena ya TV, wakitumia wavu wake wa nje. Kwa kubeba safarini ni sawa, ila kwa kituo cha nyumbani shaba nene inashinda.

Kapasita ndiyo sehemu ngumu. Kwa kitanzi hiki utahitaji kama pikofaradi 50 kwenye mita 20, kama 22 kwenye mita 15, na karibu 200 kwenye mita 40. Thamani hizo ni ndogo na zinapatikana. Shida ni volti. Kwa wati 10 tu, mkondo ndani ya kitanzi unafika ampea 8, na volti kwenye kapasita zinapita 2,500 kwenye kilele. Ukiweka wati 100 zinakwenda kwenye 8,000. Kapasita ya hewa iliyotoka kwenye redio ya zamani, ile yenye mafungu mawili kwenye mhimili mmoja, inaweza kuvumilia wati 5 ukiiunga vizuri: ncha moja ya kitanzi kwenye fungu la kwanza la sahani zisizozunguka, ncha ya pili kwenye fungu la pili, na zile zinazozunguka usiziunge na chochote. Kwa namna hiyo volti zinagawanywa kwa mbili, na mkondo haupiti kwenye ule mguso wa kuteleza wa mhimili, ambao una ukinzani mwingi. Ukitaka nguvu zaidi tafuta kapasita ya kipepeo yenye nafasi pana kati ya sahani, au ya ombwe, ambazo nyingi zinazouzwa mtandaoni zilitengenezwa enzi za Urusi ya Kisovieti.

Sisi wa pwani tuna la ziada. Upepo wa bahari unaleta chumvi, chumvi inavuta unyevu, na sahani zenye unyevu hupiga cheche kabla ya wakati wake. Weka kapasita ndani ya kontena la plastiki la chakula lenye mfuniko wa kubana, utoboe tundu dogo upande wa chini ili maji yasituame, na bomba lenyewe lipake vanishi.

Kulisha antena ni rahisi mno ukilinganisha na hayo. Tengeneza kitanzi kidogo cha sentimita 20, yaani sehemu ya tano ya kipenyo, kwa waya mnene, kikae ndani ya kitanzi kikubwa upande ulio mkabala na kapasita. Kikandamize au kinyooshe kidogo hadi SWR, kipimo cha nguvu inayorudishwa na antena, ishuke chini ya 1.5.

Kisha jifunze kutega kwa masikio, yaani kukipeleka kitanzi kwenye masafa unayotaka. Weka redio kwenye megahezi 14.074, zungusha kapasita polepole sana, na usikilize mvumo wa anga. Kwa muda mrefu hakuna kitu, halafu ghafla mvumo unapanda na kushuka ndani ya mzunguko mdogo kuliko upana wa ukucha. Hapo ndipo. Rudi nyuma kidogo kidogo hadi uukamate, kisha uache mkono. Utaona kwamba mkono ukiondoka, mvumo unahama, kwa sababu mwili wako ulikuwa sehemu ya kapasita. Dawa yake ni fimbo ya plastiki au ya mbao kavu ya nusu mita kwenye mhimili, pamoja na gia ya kupunguza mwendo. Mota ndogo ya umeme wa betri yenye gia ni bora zaidi, kwani unatega ukiwa umekaa mezani.

Wembamba huo ni dalili njema. Kitanzi chenye hasara ndogo kwenye mita 20 kina upana wa masafa wa takriban kilohezi 19 tu. Ukikuta chako kinakubali kilohezi 100 bila kutegwa upya, usifurahi, tafuta ukinzani umejificha wapi. Hii ndiyo sababu nawashauri wanaoanza waanze na FT8, mfumo wa kidijitali uliotolewa mwaka 2017 na Joe Taylor na Steve Franke. Stesheni zote zinajibana ndani ya kilohezi 3, zamu ni sekunde 15, na programu inasoma ishara zilizozama chini ya kelele. Unatega mara moja, unakaa jioni nzima.

Mahali pa kukiweka pana uzito sawa na shaba uliyonunua. Fleti zetu zina magrili ya chuma madirishani na nondo ndani ya zege. Kila mraba wa grili ni kitanzi kilichofungwa, na ukiweka antena sambamba nalo, nguvu yako inazunguka humo ndani na kuishia kuwa joto. Geuza kitanzi kikae ubavu, ukingo wake ukielekea nje kama ukurasa wa kitabu kilichofunguliwa nusu. Hapo sumaku yake haipiti katikati ya miraba ya grili, na bahati nzuri kitanzi kilichosimama hurusha mawimbi yake kuelekea kingo zake, kwa hiyo upande mmoja unatazama barabara na anga. Hakihitaji kuinuliwa juu kama antena ya waya. Kiweke mbali na grili kadiri balkoni inavyoruhusu. Nusu mita ni afadhali, mita moja ni nzuri.

Pande mbili za bapa hazisikii sana, na hiyo ni silaha yako dhidi ya kelele. Adui wa redio kwenye ghorofa ni chaja za bei rahisi, taa za LED na inveta za sola. Endesha redio kwa betri ya volti 12, zima swichi kuu ya nyumba yako, usikilize. Kelele ikipungua sana, mhalifu yuko kwako, mtafute soketi kwa soketi. Isipopungua, ni ya jirani. Zungusha kitanzi taratibu hadi bapa lielekee chanzo chake, nawe utasikia ikizama, wakati stesheni za mbali, ambazo zinashuka kutoka angani, hazipotei. Vilevile pitisha kebo ya koaksi mara kadhaa kwenye pete ya feraiti karibu na antena, la sivyo kebo yenyewe itageuka antena na kukuletea kelele zote za ndani.

Kuhusu usalama sitazunguka. Wati 100 kwenye kitanzi cha balkoni ni nyingi mno. Kwa wati 10 mfululizo, uga wa sumaku kwenye mhimili wa kitanzi unashuka chini ya kiwango cha 1998 cha ICNIRP, tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mnururisho, kwa watu wa kawaida ukiwa umbali wa kama mita 2.5. Pima umbali huo na kwa jirani aliye upande wa pili wa ukuta pia, maana mawimbi hayaishii kwenye tofali, na kitanda cha mtoto wake kinaweza kuwa hapo. Mimi mwenyewe hukaa mita tatu, na sirushi kama kuna mtu balkoni. Volti za kapasita zinaunguza ngozi hata kwa wati 5. Radi za masika zikianza, chomoa kebo.

Jirani akiuliza, mwonyeshe leseni yako ya TCRA (mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania), mkaribishe asikilize. Mama mmoja wa ghorofa ya chini yetu alikuwa na wasiwasi na ile duara, na alipoisikia sauti ya mtu wa Muscat ikiingia sebuleni aliuliza kama anaweza kumsalimia shemeji yake aliyeko huko. Nilimweleza kwamba leseni hii hairuhusu kupeleka ujumbe wa watu wengine hivyo tu, tukaendelea kusikiliza.

Kujua kama umeboresha au umeharibu, tumia bikoni za NCDXF, yaani stesheni za taasisi ya redio ya ridhaa zinazorusha ishara za kupimia kwa zamu, kwenye megahezi 14.100. Zimepangwa 18 duniani, ikiwemo 5Z4B ya Kenya na ZS6DN ya Afrika Kusini, na kila moja ina sekunde 10 zake ndani ya mzunguko wa dakika tatu. Inataja jina lake kwa Morse, kisha mistari minne mirefu: wa kwanza kwa wati 100, halafu 10, halafu 1, halafu 0.1. Andika ni mstari wa ngapi unausikia, sogeza kitanzi, sikiliza tena saa ile ile kesho yake.

Na kama haja yako ni kuzungumza na Dodoma au Arusha mchana kwenye mita 40, kitanzi cha mita moja kitakusumbua: kule ukinzani wa mnururisho unashuka hadi omu 0.006, na ufanisi ni kama asilimia 14. Ongeza kipenyo hadi mita 1.5 kwa bomba lile lile, unafika 36. Pima mlango wa balkoni kabla fundi hajawasha gesi.