Yamin: kulia, kusini, na yule mtu wa shoto

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwinjilisti huku Iringa, naandaa masomo ya Zaburi ya 110 kwa kikundi chetu cha Biblia. Neno "kuume" la mstari wa kwanza nimelitafuta kwenye itifaki ya Strong, kile kitabu kinachoorodhesha maneno ya Biblia kwa namba, nikapelekwa namba H3225, neno la Kiebrania yamin. Maelezo yake yamenichanganya: mkono wa kulia, upande wa kulia, kusini, halafu eti "mtu wa shoto". Neno moja linabebaje kulia na kushoto kwa pamoja? Tena kuna mhubiri nilimsikia akisema yamin na "amina" ni mzizi mmoja, hivyo kuketi kuume ni kuketi mahali pa imani. Naomba ufafanuzi.

JIBU: Marahaba, Mwinjilisti. Nianze na hilo la shoto, maana lina dawa fupi.

Itifaki ya Strong ilitoka mwaka 1890, ikafuata Biblia ya Kiingereza ya King James. Chini ya kila namba wameorodhesha maneno ambayo watafsiri wale walitumia kila neno hilo la Kiebrania lilipotokea. Kwa hiyo unachokisoma pale mwishoni ni orodha ya tafsiri zilizowahi kutumika, wala usiichukue kama orodha ya maana. Angalia tena vizuri: mbele ya "shoto" kuna alama ya kujumlisha. Alama hiyo inakuambia kwamba pale yamin haikusimama peke yake, ilikuja na maneno mengine, na tafsiri ni ya fungu zima.

Fungu lenyewe liko Waamuzi 3:15, habari za Ehudi, mwamuzi wa Israeli aliyemwua Egloni mfalme wa Moabu. Kiebrania kinasema ish itter yad yemino. Ish ni mtu. Itter ni aliyefungwa au kuzibwa. Yad ni mkono. Yemino ni "wa kuume wake". Yaani "mtu aliyefungwa mkono wake wa kuume". Umeona? Yamin imebaki kulia vilevile. Shoto imeletwa na itter, neno ambalo mzizi wake unaukuta kwenye Zaburi 69:15, pale mwombaji anapoomba shimo lisimfumbie kinywa chake juu yake.

Sasa, kwa kuwa umeshafika hapo, usiondoke haraka. Mwandishi anamwita Ehudi ben-hayemini, Mbenyamini, na kwa sikio la Mwebrania jina hilo linasikika kama "mwana wa yule wa kuume". Maneno mawili mbele, huyo mwana wa kuume anaambiwa mkono wake wa kuume umefungwa! Kisha sime anaivaa paja la kuume (mstari wa 16), na saa ya kazi inapofika ni mkono wa kushoto unaokwenda kuichomoa kutoka paja hilohilo (mstari wa 21). Msimuliaji anacheza na neno hili kwa makusudi, na mzaha wake ni mkali. Katika Kiswahili mchezo huo unapotea karibu wote, si kosa la watafsiri.

Je, Ehudi alikuwa mlemavu? Wapo wanaosema hivyo. Mimi sikubali, kwa sababu ya Waamuzi 20:16. Fungu lilelile, itter yad yemino, linatumika kwa wanaume 700 wa Benyamini, wapiga kombeo wasiokosa hata unywele. Huwezi kuwa na walemavu 700 wenye shabaha ya namna hiyo. Na 1 Nyakati 12:2 inawataja wa kabila hilohilo wakitumia mkono wa kuume na wa kushoto, kwa mawe na kwa upinde. Naona ni ustadi wa kivita uliokuwa ndani ya kabila lile.

Twende kusini. Sisi ramani zetu zinaelekea kaskazini, nasi tunamweleza mtu njia hivyo. Mwebrania wa kale alisimama akitazama mawio ya jua. Mashariki kwake ni qedem, mbele. Magharibi ni ahor, nyuma. Ukisimama hivyo, mkono wako wa kulia unaangukia wapi? Kusini. Na kushoto, semol, ni kaskazini. Kwa hiyo hatuna hapa maana mbili zilizogongana, ni mwili wa mtu uliosimama ukawa dira.

Mfano ninaoupenda ni Ezekieli 16:46. Nabii anauambia mji wa Yerusalemu kwamba ndugu yake Samaria anakaa mkono wake wa kushoto, na Sodoma anakaa mkono wake wa kuume. Msomaji asiyejua dira hii anaweza kudhani Sodoma imepewa heshima ya kuume kuliko Samaria, akajenga hubiri zima juu yake. Hakuna heshima hapo, ni jiografia tupu: ukiwa Yerusalemu ukatazama mashariki, Samaria iko kushoto kwako, kaskazini, na nchi ya Sodoma iko kulia, kusini. Zaburi 89:12 ni wazi zaidi, maana yamin imewekwa pamoja na tsafon, kaskazini, na watafsiri wetu wakaandika "kusini" bila kusita. Hivyohivyo 1 Samweli 23:19, kilima cha Hakila kilicho upande wa yamin wa jangwa.

Dira hiyo haikuwa ya Waebrania peke yao. Waarabu waliita nchi ya kusini al-Yaman, yaani Yemeni yenyewe, kutoka mzizi huu huu wa kulia, na nchi ya kaskazini wakaiita al-Sham, ambayo wazee wa pwani waliijua kama Shamu, kutoka mzizi wa kushoto. Katika mji wa Mari, kando ya mto Frati huko Siria, vibao vya udongo vya karne ya 18 kabla ya Kristo vinataja makundi mawili ya wafugaji: "wana wa yamina" na "wana wa simal". Wa kulia na wa kushoto, au tuseme wa kusini na wa kaskazini. Sidai kwamba hao wa yamina ndio kabila la Benyamini la Biblia, hilo ni jambo lingine kabisa. Lakini wanatuonyesha kwamba "mwana wa kuume" lingeweza kusikika pia kama "mtu wa kusini", na kabila la Benyamini kweli lilikaa kusini mwa Efraimu. Mwanzo 35:18 inasema tu kwamba Raheli alimwita mtoto Benoni, baba yake akamwita Benyamini. Haitoi sababu ya jina la pili. Mara nyingi sisi wahubiri tunaitoa sisi.

Kuhusu "amina": hapana, Mwinjilisti. Amina inaanza na herufi alef, mzizi wake ni alef-mem-nun, wenye maana ya uthabiti na kutegemewa. Yamin inaanza na yod: yod-mem-nun. Herufi mbili za mwisho zinafanana, ya kwanza hapana, na katika Kiebrania herufi moja ya mzizi ikibadilika umehama nyumba. Ni kama mgeni anayejifunza Kiswahili akatuambia mkono wa kulia ni mkono wa kulilia machozi, wakati sisi tunajua ni wa kulia chakula.

Uzuri ni kwamba Kiswahili kimepokea mizizi yote miwili kupitia Kiarabu, na tunaitumia kila siku bila kuichanganya. Amini, imani, amana na amina ziko upande mmoja. Upande wa pili kuna yamini, yaani kiapo, kama mtu "kula yamini". Yuko pia Maimuna, jina la dada zetu, lenye maana ya aliyebarikiwa. Kiapo kimeingia hapo kwa sababu ni mkono wa kuume uliotumika kuapa. Isaya 62:8 inasema Bwana ameapa kwa mkono wake wa kuume, na Zaburi 144:8 inawalaumu wageni ambao mkono wao wa kuume ni "mkono wa kuume wa uongo". Ukisoma mstari huo ukiwa na "yamini" ya Kiswahili kichwani, unaeleweka bila maelezo marefu. Kwa hiyo mhubiri wako angesema kuume ni mahali pa kiapo, angalau tungekuwa na la kujadili.

Na sasa Zaburi yako. Katika mstari wa 1 Kiebrania ni shev limini, "keti kuume kwangu". Neno "mkono" halimo, limeongezwa na lugha yetu, na "kuume" ya Union Version, Biblia yetu ya Kiswahili, ni Kiswahili cha zamani cha upande wa kiume, kinyume cha kuke. Maana yake hapa ni kiti cha heshima. Ukitaka kuiona desturi yenyewe ya ikulu, fungua 1 Wafalme 2:19: Sulemani anainuka, anamwinamia mama yake Bathsheba, anamwekea kiti, naye anaketi kuume kwake. Soma mstari huo na kikundi chako kabla hujaigusa Zaburi.

Lakini wengi wanaishia hapo. Mstari wa 5 unasema Bwana yuko kuume kwako. Katika mstari wa 1 mfalme ndiye aliye kuume kwa Mungu, katika wa 5 Mungu yuko kuume kwa mfalme, akiwaponda wafalme siku ya ghadhabu yake. Ukilazimisha maana moja ya heshima, mistari hii miwili inagombana, kana kwamba sasa Mungu amekuwa mdogo wa mfalme. Haigombani, kwa sababu kuume ni pia mahali pa anayesimama nawe. Msaidizi husimama hapo, na adui akitaka kukushtaki naye husimama hapo, kama Shetani alivyosimama kuume kwa Yoshua kuhani mkuu katika Zekaria 3:1.

Mwanakikundi akikuuliza nani amehama kiti kati ya mstari wa 1 na wa 5, mrudishe ukurasa nyuma. Zaburi ya 109 katika mstari wa 6 inamweka mshitaki kuume kwa mtu, na mstari wake wa mwisho, ule unaokutana na Zaburi yako, unamweka Bwana kuume kwa mhitaji ili amwokoe na wanaomhukumu.