Tableti Niliyonunuliwa na Wanangu Niifanyie Nini?

SWALI: Dada, salamu kutoka Umoja. Mimi ni mwalimu mstaafu. Krismasi iliyopita wanangu walininunulia tableti. Nawashukuru sana, lakini simu ninayo, M-Pesa naitumia na WhatsApp naijua, kwa hiyo hii kubwa imebaki kabatini. Wewe huitaja yako mara kwa mara katika safu hii. Hasa huitumia kwa kazi gani ambayo simu haiwezi? Kifungua mimba wangu anasisitiza ninunue na kibodi, ilhali vidole vyangu vimekaza kwa baridi yabisi. Tena naogopa kuyaharibu macho. Kinachonisumbua roho ni madaftari yangu ya habari za ukoo wetu, niliyoyaandika kwa mkono miaka mingi. Karatasi zimeanza kuwa njano. – Mwalimu, Umoja

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Itoe kabatini. Hayo madaftari uliyoyataja mwisho ndiyo kazi yake, nami nitayafikia. Kwanza nikueleze yangu inavyoshinda.

Ni ya Android, kioo cha inchi 10, na haina laini. Nyumbani inatumia Wi-Fi, nikitoka naiwashia hotspoti ya simu, yaani simu inaigawia intaneti yake. Mambo ya pesa yote nimeyaacha kwenye simu: M-Pesa, tokeni za stima, ujumbe wa benki. Nimeipanga hivyo kwa sababu tableti yangu hushikwa na kila mtu, mama yangu, wapwa zangu, hata wanakwaya wenzangu, na sitaki anayetafuta wimbo akutane na salio langu.

Kazi inayoichosha zaidi ni kwaya. Naimba sauti ya pili. Nyimbo zetu zimeandikwa kwa solfa, zile noti za herufi, na nyingi ni fotokopi ya fotokopi: mistari imefifia, sauti ya nne imekatwa chini ya ukurasa, na mahali pengine huwezi kujua kama ile ni «r» au «t». Tulikuwa na faili nene la karatasi hizo, kila Jumamosi mtu analibeba na kila Jumamosi ukurasa mmoja haurudi. Nililiomba nikaenda nalo nyumbani. Palipofutika nilipajaza kwanza kwa kalamu, mwalimu wa kwaya akanihakikishia noti, kisha nikakaa karibu na dirisha asubuhi, maana taa ya darini hutupa kivuli cha mkono juu ya karatasi. Programu ya Google Drive ina kamera ya kuskani ndani yake. Inaunyoosha ukurasa uliopinda, inakata ukingo wa meza, na inaziunganisha kurasa za wimbo mmoja kuwa faili moja la PDF.

Sasa tukiwa mazoezini naisimamisha kwenye stendi na sisi watatu wa sauti ya pili tunasoma pamoja. Mstari wetu naukuza kwa vidole viwili, zile sauti nyingine zinakaa pembeni. Jaribu hivyo kwenye simu uone: ukikuza noti zisomeke, maneno ya wimbo yanatoka nje ya kioo. Ila funga ule mpangilio wa kioo kujizungusha, la sivyo ukiiinamisha kidogo tu ukurasa unalala upande katikati ya ubeti na sauti nzima inapotea. Na muda wa kioo kuzima uuongeze hadi mwisho unaoruhusiwa.

Baada ya kwaya, mwenye tableti ni mama. Amevuka miaka 80 na hakubali kumeza chai ya saa nne kabla ya kusoma humo gazeti la Taifa Leo. Anasoma kwa sauti, jikoni nasikia habari zote. Hapa naingia kwenye swali lako la macho, Mwalimu, nalo nalijibu kwa uzito. Mwanga wa kioo hauli macho. Kinachotokea ni kwamba ukikodolea kioo unapepesa kope mara chache, macho yanakauka na kuwasha. Kila dakika 20 inua kichwa uangalie kitu cha mbali, kama mita 6 hivi, na usiku punguza mwangaza wa kioo. Herufi zikuze bila haya. Tukishapita miaka 40 lenzi ya jicho hukakamaa kwa kila mtu, ndiyo sababu tunasogeza karatasi mbali.

Lakini kukuza huko kuna kikomo chake. Mwaka jana mama alianza kukuza herufi kila wiki zaidi ya wiki iliyotangulia, mpaka neno moja likajaza kioo, na bado analalamika kwamba kioo kina ukungu. Nikakifuta mara ngapi! Ukungu ulikuwa kwenye jicho: mtoto wa jicho. Akafanyiwa upasuaji, lenzi iliyofifia ikatolewa na kuwekwa ya kutengenezwa. Siku hizi anasoma kwa herufi ndogo kuliko zangu. Kwa hiyo ukiona unazidi kukuza, au pembeni mwa kioo pana giza, usiongeze herufi. Nenda kliniki ya macho. Presha ya macho hasa huanza bila maumivu yoyote, na inachokiharibu hakirudi.

Nje ya nyumba ina kanuni zake. Katika matatu ya 58 haitoki mkobani, hasa magari yakisimama Jogoo Road, kwa sababu mkono wa dirishani hauombi ruhusa. Bando nalo linaweza kuisha hujafungua chochote, maana programu hujisasisha zenyewe. Ndani ya Play Store chagua zijisasishe kwa Wi-Fi peke yake. Halafu kwenye mipangilio ya Wi-Fi, hotspoti ya simu yako uiweke kama mtandao wenye kipimo (metered), kwa sababu bila hivyo tableti huenda ikaidhania Wi-Fi ya bure ikala bando lote.

Haya, madaftari. Kabla ya yote mwombe mwanao aifungue tableti kwa akaunti yako mwenyewe, si yake, na nywila aiandike mahali unapopajua. Akaunti ya Google inakupa nafasi ya GB 15 bila malipo, na kurasa za madaftari hazitaijaza leo wala kesho. Skani daftari zima kama lilivyo, pamoja na makosa na maandishi ya pembeni. Hati ya mkono wako nayo ni mali ya wajukuu. Daftari moja liwe faili moja, lipe namba na mwaka, kisha washirikishe wanao wote, ili hata tableti ikianguka majini habari za ukoo ziwe salama.

Likishaskaniwa, lisome imla. Umewasomea watoto imla miaka yote hiyo, sasa soma wewe uandikiwe. Kibodi ya Google, ile inayotokea kwenye kioo, imekuwa ikisikia Kiswahili tangu 2017, na unaweza kuchagua Kiswahili cha Kenya. Bonyeza alama ya maikrofoni, soma sentensi moja kwa mwendo wako wa darasani, nyamaza, tazama ilichokiandika. Majibu yangu mengi ya safu hii huanzia hapo. Chagua saa ambayo redio imezimwa na intaneti haikatiki. Majina ya watu na ya vijiji itakukosea karibu yote, na maneno ya lugha ya nyumbani usiyatarajie kabisa. Hayo yaandike kwa kidole, polepole, kwa sababu katika habari za ukoo jina likikosewa ni mtu amepotea. Nukta na mkato pia utavitia mwenyewe.

Kibodi basi usinunue kwanza. Vidole vilivyokaza haviipati raha kibodi ndogo ya tableti, zile herufi zimesongamana mno. Hela hiyo nunua kava gumu linaloweza kuisimamisha mezani, mikono ibaki huru kufungua daftari. Ukienda Luthuli Avenue nenda na tableti yenyewe, ivalishwe kava hapo hapo mbele yako kabla hujalipa, na uangalie tundu la kamera limekaa sawasawa na pa kuchomeka chaji hapajazibwa. Wauzaji watakwambia kava la inchi 10 linatosha kila tableti ya inchi 10. Halitoshi.