Muulize Shangazi: Dawa ya Kondishena Kwenye Chupa ya Soda

Mwezi huu barua tatu zimeingia na zote ni za mambo ya nywele, ya kwanza ndiyo nimekaa nayo sana.

SWALI: Shangazi shikamoo. Mimi ni msusi, nina saluni ndogo huku Likoni. Kondishena ya dukani imepanda bei nikaona heri nitengeneze yangu, nikavuka feri mpaka duka moja la kemikali mjini, nikauziwa lita moja ya dawa ya kulainisha nywele, wakanitilia kwenye chupa ya soda na jina wakanitajia kwa mdomo tu, setrimoniamu kloraidi. Juzi nikipima ikanimwagikia mkononi, nikapangusa na leso nikaendelea na kazi, jioni mkono ukaanza kuwasha na mpaka leo ni mwekundu ngozi yabambuka. Sasa naogopa, niwatilie wateja ama nimwage? Na mbona kondishena za dukani nikisoma nyuma nalikuta jina hilo hilo? – Msusi wa Likoni

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa mkono. Lakini kabla hujaendelea kusoma, inuka uende kwenye hiyo chupa ya soda, bandika karatasi uandike kwa herufi kubwa SUMU, USINYWE, na jina la dawa, halafu iweke juu mahali mtoto hafiki na mfanyakazi wako hawezi kuichukua kwa kiu. Mombasa hii na joto lake mtu akiingia kutoka juani akaona chupa ya soda haulizi, anafungua anapiga funda. Mimi hicho ndicho kilichonitisha kwenye barua yako kuliko hata mkono.

Sasa nikueleze hii dawa ni nini. Nywele zikioshwa, na zaidi zile zilizochoka na rilaksa na rangi na draya, zinabaki na chaji hasi, na setrimoniamu ina chaji chanya kwa hivyo inazing'ang'ania, ukisuza maji yanaondoka yenyewe inabaki kama utando mwembamba sana, ndiyo ule ulaini unaousikia chanuo likipita bila kukwama. Hiyo ndiyo kazi yake na inaifanya vizuri, mimi siipingi. Lakini kule kung'ang'ania hakuchagui nywele tu. Hata ngozi inaishika, na jicho, na ikiwa kali inapasua ule utando wa mafuta unaozunguka seli, ndiyo maana hata vijidudu inaviua.

Kwa hivyo swali lako la pili jibu lake ni makali tu. Jina ni moja lakini dukani kwenye kondishena inakuwa kidogo sana, mara nyingi kama asilimia 1 hivi, na ile ya jerikeni ya kiwandani kwa kawaida ni asilimia 25 mpaka 30. Yaani ulichojimwagia mkononi huenda ni kikali mara thelathini kuliko unachompaka mteja, na wewe ukapangusa na leso badala ya kuosha, leso nayo ikakaa imelowa ikiendelea kukuchoma. Sheria ya vipodozi ya Umoja wa Ulaya inasema kondishena ya kusuza isizidi asilimia 2.5, ya kuacha kichwani isizidi 1, na kitu cha kupaka usoni na kuacha kisizidi 0.5. Sasa chukua mizani. Ukitaka kilo moja ya kondishena yenye asilimia 1 na dawa yako ni ya asilimia 30, unahitaji gramu 33 tu. Ikiwa ni ya asilimia 25 ni gramu 40. Unaona hapo, usipojua namba ya kwenye jerikeni hesabu yote imepotea, na wewe hujui kwa sababu hakuna aliyekuandikia. Basi jibu langu ni usimtilie mtu hata mmoja mpaka urudi dukani ukaambiwe asilimia ngapi, na si kwa mdomo, wakuoneshe lebo ya jerikeni yenyewe ama karatasi ya usalama inayokuja na mzigo. Wakikataa waache, tafuta duka jingine.

Jicho nalitaja peke yake kwa sababu limenikuta. Miaka ya nyuma nilikuwa nachanganya shampuu kwenye karakana moja hapa hapa Mombasa, nikawa namimina dawa kama hiyo kutoka jerikeni la lita ishirini bila miwani, jerikeni likabwata, tone likaruka. Tone moja. Nikalisugua jicho na mkono wa buibui, halafu nikakimbilia mfereji na mfereji mkavu, siku hiyo maji hayakuja, mpaka nilipopata ndoo kwa jirani dakika kadhaa zimeshapita. Daktari akaniambia kioo cha jicho kimechubuka, wiki nzima nilikaa chumba chenye giza nikiona kila taa ina mduara wa ukungu. Nilipona alhamdulillahi, lakini dawa hii ikiwa kali inaweza kuliharibu jicho moja kwa moja na si kila mtu anapona.

Tangu hapo sifungui kifuniko kabla maji hayajakaa pembeni yangu, jerikeni zima la maji safi na kikombe, kwa sababu mifereji yetu twaijua. Ikiingia jichoni usisugue, shikilia kope wazi na mimina maji polepole bila kusita dakika 15 ukitazama saa, si kwa kukisia, lensi kama unazo zitoe, kisha nenda hospitali hata kama maumivu yamepoa. Maji ya kisima yenye chumvi kidogo unayoogea ni bora mara mia kuliko kukaa unangojea mkokoteni wa maji matamu. Maziwa ya mama, asali, limau, usimruhusu mtu akutilie.

Wakati wa kazi vaa glavu nzima zisizo na tundu na miwani inayoziba mpaka pembeni, ya jua haifai. Maji yatangulie kwenye ndoo halafu dawa iingie taratibu, na koroga polepole, ukipiga kwa nguvu utapata povu la kurukaruka usoni. Ikimwagika sakafuni funika na mchanga ama matambara uzoe kwanza, maana inateleza kupita sabuni na mtu atavunjika nyonga. Na usiichanganye na ungaroli, ile dawa ya povu ya shampuu, ukidhani utapata mbili kwa moja, ungaroli ina chaji hasi, zikikutana zinashikana zenyewe kwa zenyewe unapata mabonge meupe na pesa imeenda.

Umeuliza pia umwage? Mtaroni usimwage kabisa nakuomba. Mtaro wako Likoni unaishia Kilindini, wa mwenzako Tudor unaishia kwenye mikoko, na dawa hii hata kidogo ni sumu kali kwa samaki na kamba na vile viumbe vidogo wanavyokula. Iliyobaki irudishe ulikoinunua.

Mkono wako osha kwa maji mengi, paka vaselini tupu isiyo na manukato, na leso ile ifue peke yake. Yakitoka malengelenge ama majimaji nenda kliniki, usiweke dawa ya meno. Na siku utakapopata namba zako na kuchanganya sawasawa, paka kidogo ndani ya kiwiko chako kwanza ungoje saa 48 ndipo umguse mteja. Ukitaka kuuza kwa chupa, hiyo ni habari nyingine, nenda KEBS, shirika la viwango la Kenya, ukatafute alama ya ubora kwanza.

SWALI: Shangazi, mwanangu wa miaka miwili amelamba kondishena bafuni, jirani akasema nimtapishe kwa maji ya chumvi. Sikumtapisha, nilifanya makosa? – Mama wa Kisauni

JIBU: Hukukosea mama, ulifanya vyema kabisa. Kondishena ya dukani akilamba kidogo mara nyingi ni kichefuchefu tu na tumbo, mpanguse mdomo, mpe maji kidogo kidogo, mwangalie. Kumtapisha ndiko kunakoweza kupeleka povu kwenye mapafu, na maji ya chumvi kwa mtoto mdogo ni hatari yenyewe. Akikohoa bila kukoma, akipumua kwa shida ama akakataa kumeza, mkimbize hospitali, na hapo chukua chupa uende nayo daktari aisome. Lakini ingekuwa ile dawa kali ya jerikeni nisingekwambia umwangalie hata dakika moja, ile inaunguza mdomo na koo, ni kumsuza mdomo na kuita tuktuk hapo hapo, na kumtapisha bado hapana.

SWALI: Assalaam aleikum. Kondishena yangu imeandikwa setearili alkoholi. Ni pombe hii? Naogopa kuipaka kisha niende nikaswali. – Binti wa Majengo

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Kikemia iko kwenye ukoo wa alkoholi, lakini si pombe ya kulewesha. Ni kitu kama nta, cheupe kigumu ambacho hata huwezi kukinywa, ndicho kinachoifanya kondishena iwe nzito kama malai, na hakikaushi nywele kama spiriti. Ndugu yake setili alkoholi zamani ikitolewa kwenye mafuta ya nyangumi, siku hizi nyingi zatokana na mawese. Upande wa hukumu muulize ustadhi wako, ukimweleza hivi nilivyokueleza atajua anajibu kitu gani.